Karatasi za Ujerumani: Tuliyoulizwa Kibera na Kawangware

Tulialikwa Nairobi na ndugu zetu wa Makina, Kibera, tusomeshe darasa la wanawake baada ya sala ya Alasiri. Somo tulilokuwa tumeliandaa ni la mirathi, na halikufika nusu saa. Mama mmoja wa Kinubi alinyanyua mkono, akatoa katika mkoba wake bahasha kubwa ya khaki, akasema: "Sheikh, utuwie radhi. Mirathi ya waliokufa tutaisoma. Hii hapa ni ya mwanangu aliye hai, na mimi siielewi."

Ndani ya bahasha mlikuwa na mkataba, Kijerumani upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Bintiye wa miaka 21 amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika mji mmoja wa Ujerumani. Ni mafunzo ya miaka mitatu ambayo mwanafunzi hulipwa huku akisoma na kufanya kazi, na Wajerumani huyaita Ausbildung. Mkataba umetaja yuro 1,400 kwa mwezi. Wakala amemwambia mama kwamba fedha hizo zote zitaingia mkononi mwa mtoto, naye mama amekwisha kupiga hesabu ya kumaliza nyumba na kumsomesha mdogo wake. Alitaka tumwambie kama hesabu hiyo ni sahihi, na zaidi ya hiyo alitaka kujua binti wa Kiislamu akifika huko huandikwa vipi, hukaa kwa idhini ya nani, na hutozwa nini.

Sisi si mawakili wala si wahasibu, na tulimwambia hivyo. Lakini kabla ya kuondoka Nairobi tulipita Kawangware pia, na huko tukaulizwa maswali yale yale na mazito zaidi. Tuliporudi Mombasa tulikaa na ndugu yetu aliyeishi Ujerumani miaka mingi, tukazisoma sheria kwa utulivu, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika kwa kuwa tunaamini bahasha kama ile zipo Kisauni na Likoni, Malindi na Lamu vilevile.

Kwanza asili ya mambo yenyewe. Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mapatano ya uhamaji wa wafanyakazi, mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz. Siku hiyo hiyo ilienea habari kwamba Wakenya laki mbili na nusu wametengewa kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha waziwazi: mapatano yale hayakutaja idadi yoyote. Yalichofanya ni kulainisha njia kwa mwenye ujuzi, na kila mwombaji angali anapimwa mmoja mmoja kwa sheria ya Ujerumani. Tunaona ni wajibu kulirudia jambo hili, maana mawakala wengi wangali wanauza "nafasi za serikali" kwa idadi ile isiyokuwepo. Wakala wa kazi za ng'ambo hapa Kenya ni lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwa yeyote. Mama mwenye bahasha alikuwa amelipa shilingi elfu sitini bila kuliuliza hilo. Alipouliza jina la wakala wake, alilikuta orodhani, Alhamdulillahi. Wengine hawalikuti.

Tuseme neno moja kuhusu Wanubi, kwani Ujerumani ni safari yao ya pili kupita katika mlango wa ugeni. Babu zao walikuja kutoka Sudani wakiwa askari wa jeshi la Waingereza, wakapewa kukaa katika msitu uliokuwa pembezoni mwa Nairobi, na kwa lugha yao msitu ni Kibra. Walikaa hapo kwa ruhusa, si kwa hati. Vizazi vilipita, na wajukuu waliozaliwa pale pale wakawa wanahojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho, hata mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ikaamua kwamba Kenya imewanyima watoto wa Kinubi haki yao ya uraia. Hati ya ekari 288 waliipata mwaka 2017. Kwa hiyo mama yule alipotuambia, "Sheikh, sisi tunaijua karatasi," hatukuhitaji ufafanuzi. Binti yake alisubiri kitambulisho muda mrefu kuliko wenzake wa shule, na bila kitambulisho hakuna pasipoti, na bila pasipoti mkataba ule ni karatasi ya kufungia maandazi.

Sasa tuingie Ujerumani penyewe.

Mwenye kwenda kusoma au kufanya kazi huomba viza ya kitaifa katika ubalozi wa Ujerumani, Nairobi, kwa ada ya yuro 75. Viza hiyo humfikisha tu. Akishafika, kibali cha makazi hutolewa na ofisi ya wageni ya mji anaokaa, nacho hufungamana na sababu ya safari: aliyekwenda kusomea uuguzi akiacha masomo kimyakimya na kwenda kuosha vyombo mji mwingine, msingi wa kibali chake umeondoka. Wapo vijana waliodhani kwamba viza ni mlango, na ukishaingia hapana anayekuuliza. Huulizwa.

Na kabla ya hayo yote ndani ya majuma mawili ya kuhamia katika nyumba, kila mtu, mwenyeji na mgeni, hujiandikisha katika ofisi ya wakazi ya mtaa wake. Huchukua pasipoti na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli amehamia. Hatua hii hudharauliwa na wengi, nayo ndiyo mama wa zote. Kutokana nayo serikali humpelekea kwa posta nambari ya kodi ya tarakimu 11, ambayo hatabadilishiwa maisha yake yote. Mwajiri huitaka nambari hiyo. Asipoipata, humkata mfanyakazi kodi kwa kiwango cha juu kabisa mpaka mambo yatengenee. Anayelala kwa rafiki bila ya kuandikishwa, kwa kukwepa kodi ya nyumba, huanza maisha yake huko bila ya jina.

Katika kujiandikisha huko huulizwa mambo mawili ambayo familia ya Kiislamu yapasa iyajue mapema: dini yako, na hali yako ya ndoa.

La dini lilizua kicheko Kawangware. Tulikuwa tumeketi katika ua wa nyumba moja karibu na kituo cha 46, na jirani wa mwenyeji wetu, dada Mkristo kutoka Kakamega, alijiunga nasi akisikiliza. Akatuambia kwamba kaka yake yuko kule, na kila mwezi hukatwa pesa za kanisa asizoelewa zimetoka wapi. Zimetoka katika fomu ile. Ujerumani ina kodi ya kanisa: aliyeandikwa Mkatoliki au Mprotestanti wa kanisa lao la Kiinjili hukatwa na serikali, kwa niaba ya kanisa lake, asilimia 8 ya kodi yake ya mapato katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 kwengineko. Ifahamike kuwa ni asilimia ya ile kodi, wala si ya mshahara. Mwenye kukatwa kodi ya yuro 200 hulipa kanisa yuro 18. Mwislamu hana makato hayo, kwani misikiti ya huko huendeshwa kwa michango ya waumini. Dada yule alisema kaka yake akijua hatalipa tena. Sisi tulimshauri aulize kanisani kwake kwanza. Hatukwenda Kawangware kuwatoa watu makanisani kwa ajili ya yuro 18.

Lililo muhimu kwetu ni kusema kweli. Wapo vijana wa Kiislamu waliotuambia wamesikia ni heri kuacha pahala pa dini patupu. Kwa sheria hapana dhambi ya serikali katika hilo, na kwa kodi hapana tofauti. Lakini kuandika dini isiyo yako ili upendwe kazini ni uongo wenye gharama, na gharama yake hukatwa kila mwezi.

Tuje kwenye yuro 1,400 za binti wa Makina. Kodi ya mapato ya Ujerumani huanza tu pale pato la mwaka linalotozwa kodi linapozidi kiasi kilichosamehewa, nacho kwa mwaka 2025 kilikuwa yuro 12,096. Hapo huanzia asilimia 14 na kupanda polepole, kwa matajiri hufika 42 na 45. Mwanafunzi wa uuguzi, baada ya kupunguziwa stahiki zake, atatozwa kodi kidogo sana au asitozwe kabisa. Kinachokata hasa ni michango ya bima: pensheni asilimia 9.3 ya mshahara, bima ya afya zaidi ya 8, bima ya utunzaji wa wazee na wagonjwa karibu 2, na bima ya ukosefu wa kazi 1.3. Mwajiri naye hutoa kiasi kinachokaribiana na hicho. Jumla yake ni kama moja ya tano ya mshahara. Binti atabakiwa na yuro 1,100 hivi, na humo kuna kodi ya chumba, chakula, nauli, na yuro 18.36 kwa mwezi ambazo kila nyumba hulipia redio na televisheni za umma, awe na televisheni au asiwe nayo.

Mama alinyamaza tulipomsomea hesabu hiyo kwa simu wiki iliyofuata. Kisha akauliza, "Basi atatuma nini?" Tulimjibu kwamba mwaka wa kwanza huenda asitume kitu, na akituma yuro hamsini ni hisani kubwa. Ni vyema mzazi alijue hilo kabla ya ndege kuruka, asije akamlaumu mtoto kwa uchoyo. Tumeshuhudia mabinti waliokuwa Ghuba wakikopa ili watume nyumbani, na deni lile likawafunga kwa waajiri wao.

Suala lililotukosesha usingizi ni la Kawangware.

Mwenyeji wetu pale ni mke wa muuguzi aliyeondoka miezi 14 iliyopita. Wana mtoto wa miaka mitatu. Nikahi yao ilifungwa msikitini, walii akiwepo na mashahidi wakiwepo, mahari yakatajwa na kutolewa. Kisheria mbele ya Mwenyezi Mungu hapana kasoro. Lakini imamu aliwapa karatasi yenye muhuri wa msikiti, na mambo yakaishia hapo. Ndoa haikupelekwa kwa msajili. Mume alipofika Ujerumani na kuulizwa hali yake ya ndoa, hakuwa na cheti cha serikali cha kuonyesha. Mwenzake akamwambia, andika hujaoa, tutarekebisha baadaye. Akaandika hivyo.

Sasa anataka kumwita mkewe. Ofisi inayoombwa kibali cha mke ni ya serikali ile ile iliyoandika kwamba yeye ni kapera.

Dada huyu hakulia mbele yetu. Alimpakata mtoto, akauliza kwa sauti ya chini kama ndoa yake ipo au haipo. Tulimwambia: ndoa yako ipo, binti yetu, na hapana afisa wa mji wowote anayeweza kuivunja. Kinachokosekana ni ushahidi wake, na ushahidi waweza kutafutwa.

Na hapa yatupasa tujilaumu sisi wenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inamtambua kadhi, sheikh au imamu aliyepewa idhini na msajili kuwa mfungishaji wa ndoa ya Kiislamu, na inamtaka aifikishe kwa msajili. Wangapi kati yetu tumefanya hivyo kila mara? Kuna miaka tulifungisha ndoa, tukala pilau, tukarudi nyumbani, na daftari likabaki sandukuni. Tulidhani wanaohitaji cheti ni wenye mashamba na majumba. Mke wa Kawangware ametufundisha kwamba cheti ni haki ya mwanamke kabla ya kuwa karatasi ya serikali.

Masharti ya kawaida ya mke kumfuata mume huko ni haya kwa ufupi. Wote wawili wawe wametimiza miaka 18. Ndoa iwe imesajiliwa na hati zikubalike, ubalozi huzichunguza. Mume awe na pato la kutosha, nyumba yenye nafasi, na bima ya afya. Mke aghlabu hutakiwa kuonyesha cheti cha Kijerumani cha daraja la kwanza, A1, ambacho Nairobi hufanyiwa mtihani katika Goethe-Institut. Wake wa wenye Kadi ya Buluu, na wa wafanyakazi ambao ujuzi wao umekwisha kutambuliwa na kupewa kibali cha wenye ujuzi, wamesamehewa sharti hilo la lugha. Tulimshauri ajifunze hata akisamehewa. Mwanamke asiyejua kumwambia daktari mahali panapomuuma amefungwa ndani ya nyumba ya mumewe.

Liko jambo jingine, na tunaliandika bila ya kuzungukazunguka kwa sababu wasomaji wetu wanawake wataliuliza. Ujerumani haitoi kibali cha makazi kwa mke wa pili ikiwa wa kwanza anaishi na mume huko. Na sheria yao ya uraia iliyoanza kutumika tarehe 27 Juni 2024, ambayo imeruhusu mgeni kuomba uraia baada ya miaka mitano badala ya minane na kubaki na uraia wake wa asili, imemtoa mwenye wake zaidi ya mmoja katika haki hiyo. Wapo wanaume wanaopanga kumtaliki mke kwenye karatasi na kubaki naye "kidini", au kufunga ndoa ya bandia na mwanamke wa huko kwa ajili ya kibali. Talaka inapotamkwa si mchezo, na mfano huo hatutaufungulia mlango katika ukurasa huu. Ndoa ya kununua kibali ni uongo katika dini na ni kosa la jinai katika sheria yao. Na mke aliyeachwa kwenye karatasi huachwa pia siku ya mafao.

Mafao tunayoyasema ni ile pensheni ya asilimia 9.3. Mkenya aliyechangia kwa miezi isiyofika 60 kisha akarudi nyumbani moja kwa moja, aweza baada ya miezi 24 kuomba arejeshewe fungu alilokatwa yeye. Fungu la mwajiri harudishiwi. Aliyetimiza miezi 60 aweza kulipwa pensheni afikapo umri, hata akiwa Kawangware. Na akifariki baada ya kutimiza muda huo, mjane wake ana pensheni ya mjane, kwa kawaida ikiwa ndoa ilidumu angalau mwaka mmoja. Ajabu ni kwamba sheria yao ya mafao inasema wajane wakiwa zaidi ya mmoja kwa ndoa zilizo sahihi, pensheni hiyo hugawanywa baina yao. Yaani nchi iliyomkatalia mke wa pili kuingia, humtambua akiwa eda. Tulipomweleza dada wa Kawangware hayo, alisema, "Kwa hiyo bila cheti, hata akifa sina." Ndivyo.

Kwa upande wa kodi, mumewe hakupoteza kikubwa kwa kuandikwa kapera. Mwenye mke anayeishi Kenya huwekwa katika daraja la kwanza la kodi, sawa na asiyeoa. Nafuu ya wanandoa huja pale wote wawili wanapokaa huko. Alichopoteza ni kimoja. Anayemlisha mke aliye nje aweza kudai sehemu ya masurufu hayo ipunguzwe katika pato linalotozwa, kwa kiwango kinachopimwa na gharama ya maisha ya nchi ya mke. Lakini tangu Januari 2025 haikubaliki tena kuonyesha kwamba fedha zilibebwa mkononi. Ni lazima zipitie benki hadi akaunti ya mpokeaji. Yeye alikuwa akizituma kwa wasafiri. Akina mama, fungueni akaunti kwa majina yenu.

Hapa nyumbani nako kuna deni la kukumbukwa. Kwa sheria ya Kenya, mwenye makao ya kudumu hapa akikanyaga nchi hata siku moja katika mwaka huhesabika mkazi wa kodi. Mkataba wa mwaka 1977 baina ya Kenya na Ujerumani ndio unaozuia pato moja lisitozwe mara mbili, lakini hauondoi wajibu wa kuwasilisha taarifa ya mwaka kabla ya tarehe 30 Juni. Mtu binafsi aliyechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Na mwenye vyumba vya kupangisha alivyomwachia mama avisimamie, pato la kodi ya nyumba lina hesabu yake peke yake. Zaka, bila shaka, haimo katika mikataba hiyo. Inabaki pale pale.

Kuhusu mume kukaa mbali, dada mmoja wa Makina alituuliza kuna mpaka gani. Tulimkumbusha riwaya mashuhuri ya Sayyidna Umar, aliyemuuliza bintiye Hafsa mwanamke aweza kustahimili muda gani bila ya mumewe, kisha akaweka kikomo kwa wanajeshi wake. Wanazuoni wamehitilafiana katika idadi ya miezi, na wote wamekubali kwamba mke ana haki ya kuulizwa. Mume wa Kawangware alipopigiwa simu na kuelezwa haya yote, alinyamaza sana, kisha akasema hakujua kwamba alichoandika siku ile kingemfuata.

Habari tulizonazo hadi tunakwenda mitamboni ni hizi. Dada wa Kawangware amefika mahakama ya Kadhi, Nairobi, pamoja na walii wake na shahidi mmoja. Shahidi wa pili amehamia Eldoret na ameahidi kuja siku ya kusikizwa. Imamu aliyefunga nikahi ameshalileta daftari lake. Mume amekubali kwenda mwenyewe katika ofisi ya wakazi, cheti kikishatoka, aseme kwamba aliandika kimakosa na aombe kurekebishiwa, kabla ya ombi la mke kupelekwa ubalozini. Huenda akaulizwa maswali makali, naye amesema atayajibu.

Binti wa Makina amebakisha mtihani wa B1. Mama yake ameifuta hesabu ya nyumba na kuandika nyingine, na ametutumia ujumbe kwamba darasa la mirathi bado analidai.